Uchumi unakua, biashara yangu ndogo nayo ikue vipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wenye maduka, wasindikaji wadogo, mafundi, mama lishe na watu wa usafirishaji wanayarudia kila siku. Majibu mengi ni ya Tanzania Bara, wa Visiwani anzeni na swali la 22. Alafu kumbuka viwango vya kodi huguswa karibu kila bajeti ya Juni, kwahiyo kabla hujapiga hesabu kubwa chungulia kwanza TRA (mamlaka ya mapato).

## Ya mwanzo

1. Kila siku tunaambiwa uchumi unakua, mbona mimi dukani sioni?

Unakua kweli. Mwaka 2023 ulikua kwa asilimia 5.1, 2024 asilimia 5.5, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, yani walaji wanaongezeka kila kukicha. Shida ni kwamba hela ya ukuaji huo haigawiwi mtaa kwa mtaa, ina njia zake inazopita: ujenzi, madini, utalii, reli, umeme, na miji inayotanuka pembezoni. Kama duka lako lipo kwenye mtaa wenye maduka tisa yanayouza sukari ileile kwa watu walewale, basi watu wakiongezeka na maduka yanaongezeka, mnabaki mnagawana.

Kwahiyo swali la kujiuliza ni hili, hapa karibu yangu nani amepata hela mpya, ananunua nini, na kwa sasa anakinunua wapi. Ukiangalia vizuri utakuta wengi wenye hela mpya ni wanunuzi wakubwa kidogo, hoteli, makandarasi, shule, halmashauri, mawakala wa Kongo na Zambia, na hao wote kabla hawajanunua kwako wanaomba karatasi. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, na ndio maana nusu ya majibu hapa chini yanaishia kwenye karatasi na kumbukumbu.

2. Biashara yangu inahesabika ndogo au ya kati?

Sera ya maendeleo ya viwanda na biashara ndogo ya 2003 inasema: mfanyakazi 1 hadi 4 na mtaji usiozidi milioni 5 ni biashara ndogo sana, wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji hadi milioni 200 ni ndogo, wafanyakazi 50 hadi 99 na mtaji hadi milioni 800 ni ya kati. Ukiwa na wafanyakazi watatu lakini mzigo na mashine za milioni 60, kinachoamua ni mtaji. Benki zina mipaka yao wenyewe, TRA nao wana yao, usishangae ukiitwa mdogo huku na wa kati kule.

3. Nitajuaje kama biashara inakua au nachoka tu?

Mauzo kupanda peke yake hayatoshi, maana bei za vitu zimepanda na unaweza kuuza shilingi nyingi zaidi huku mzigo unaotoka ni uleule. Angalia vitatu kila mwisho wa mwezi: vitu vingapi vimetoka (vipande, kilo, sahani), faida imebaki ngapi baada ya gharama ZOTE pamoja na mshahara wako mwenyewe, na hela taslimu iliyopo mkononi na kwenye simu ukitoa madeni. Kama cha kwanza kinapanda na cha tatu kinashuka, kimbilia swali la 13 na la 14.

## Fursa zenyewe

4. Fursa ziko wapi hasa kwa sasa?

Kwanza reli. SGR, ile reli ya kisasa, ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huohuo. Watu wengi wanaiangalia kama usafiri tu, lakini angalia stesheni zake, Pugu, Soga, Ngerengere, Kilosa na nyinginezo, kila stesheni ni watu wanaoshuka wanataka bodaboda, chakula, chumba, mahali pa kuacha mzigo. Alafu kuna mfanyabiashara wa Dodoma au Moro ambaye sasa anaenda Kariakoo asubuhi na jioni yupo kwake, huyo hahitaji tena duka la jumla la mkoani kama mwanzo. Kama wewe ndio ulikuwa duka la jumla la mkoani, reli imekuondolea wateja, na bora ulijue mapema uanze kuuza kile ambacho hawezi kukibeba kwenye begi.

Pili umeme. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa la megawati 2,115 na mtambo wa kwanza uliingia gridi mapema 2024. Kwa welding, mashine za kusaga na kukoboa, majokofu ya samaki na maziwa, hii ni tofauti kubwa na ule mwaka wa mgao. Ambaye alikuwa anaogopa kuweka jokofu kubwa kwasababu ya kukatika umeme, apige hesabu upya.

Tatu watalii. Mwaka 2024 waliingia zaidi ya milioni 2.1 kutoka nje. Na usidhani utalii ni kuwa na gari la safari, hapana, hoteli zinanunua mayai, mboga, sabuni, mashuka, kufuliwa nguo, mafundi wa AC. Na AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja, Arusha unajengwa uwanja mpya kwa ajili hiyo. Ila mashindano ni wiki chache, usikope ukajenga lodge ya AFCON.

Nne, na hii haina kelele kabisa, miji midogo. Daraja la Kigongo hadi Busisi pale Ziwa Victoria limefunguliwa Juni 2025, zamani ulikuwa unasubiri kivuko, sasa unavuka kwa dakika. Sehemu kama Usagara, Sengerema, huku Kibaha, Kwala, kule Nala Dodoma, zina viwanja vinavyojengwa sasa hivi na watu wanaohamia hawana hardware ya karibu, hawana duka la dawa, hawana shule ya chekechea. Mimi ningeulizwa sehemu moja ya kuanzia ningesema huku, ushindani bado mdogo na fremu bado bei rahisi.

5. Mradi mkubwa unapita kwetu, bomba la mafuta, barabara, naingiaje?

Usiende kwa kampuni mama. Bomba la EACOP lina kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda hadi Chongoleani Tanga, na 1,147 zipo kwetu, zinapita Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Mwenye mradi anaongea na makandarasi wakubwa, wakubwa wanaongea na wa kati, na wa kati ndio wanatafuta mtu wa kupika, kufua, kukodisha pickup, kuleta kokoto na maji. Huyo wa chini kabisa ndio mteja wako. Kwa miradi ya mafuta na gesi EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) wana kanzidata ya wazabuni wa ndani, jiandikishe, wakandarasi wanatakiwa kuangalia humo.

Angalizo ni kwamba kambi ya ujenzi huwa inafungwa. Watu wamejenga nyumba za kulala wageni karibu na kambi, kambi ikahama, nyumba zimebaki zinafugiwa kuku. Ukiingia mradini nunua kitu kinachohamishika, gari, jenereta, majiko, mahema.

6. Tenda za serikali si ni za wenye watu wao?

Wenye watu wao wapo, hatudanganyani. Lakini siku hizi tenda zinapita mfumo wa ununuzi wa mtandaoni unaoitwa NeST, zinaonekana wazi, na Sheria ya Ununuzi ya 2023 imeendeleza ule utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kinaingia kupitia halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii. Nimeona halmashauri zinalalamika kwamba hizo asilimia 30 hazijai kwasababu vikundi vyenyewe havijajisajili, huku vikundi vinalalamika kwamba tenda hakuna!

Ukishinda, mambo mawili ya kuweka kwenye bei kabla hujaandika: unapouzia serikali bidhaa wanakata kodi ya zuio asilimia 2, na kwenye huduma asilimia 5 (haipotei, inahesabika kwenye kodi yako, ila hela mkononi inapungua). Na malipo yanaweza kuchelewa sana, soma swali la 14 kabla hujasherehekea.

7. Nataka kuuza Kenya, Kongo, Zambia. Lazima niwe na kampuni kubwa?

Hapana. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinatolewa palepale mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000, na kwa bidhaa zilizopo kwenye orodha yao hulipi ushuru wa forodha. Kongo imejiunga na Jumuiya 2022. Namanga, Sirari, Holili, Mutukula, Rusumo, kote huko utaratibu ni huohuo.

Watu wanapochemka ni kudhani cheti hicho kinafuta vibali vingine. Mazao bado yanataka cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, vyakula vilivyosindikwa vinataka alama ya ubora (swali la 8). Zambia yenyewe haipo kwenye Jumuiya ila ipo SADC (jumuiya ya kusini mwa Afrika), na pale Tunduma utaratibu wake ni tofauti, ulizia kwa wakala wa forodha aliyesajiliwa. Usimuulize yule kijana anayekukimbilia getini na begi mgongoni.

8. Supamaketi na hoteli wamekataa bidhaa yangu, wanasema haina TBS. Nianzie wapi?

Anzia SIDO (shirika la viwanda vidogo), ofisi zipo mikoani, wapo tangu 1973 na kazi yao ndio hii. Wanakufundisha usindikaji na ufungashaji, wanakupa barua ya kukutambulisha TBS (shirika la viwango), na mjasiriamali mdogo mwenye barua hiyo serikali inambebea gharama za alama ya ubora mwanzoni. Wengi hawajui hilo, wanaogopa bei ambayo hata hawajaiuliza. Tangu 2019 usajili wa chakula na majengo ya chakula upo TBS hukohuko, TFDA ya zamani (ya chakula na dawa) imebaki na dawa kwa jina la TMDA.

Jengo ndio linawaangusha wengi. Unga wa lishe unaosagwa jikoni nyumbani huku kuku wanapita hautapita ukaguzi hata lebo iwe nzuri vipi. Si lazima ujenge, kuna watu wamekodi chumba kwenye mitaa ya viwanda ya SIDO, wengine wanasindika kwa zamu kwenye jengo moja lenye vibali.

Msimbo mstari unachukua GS1 Tanzania, wa kwetu unaanzia na 620. Acha kununua namba mtandaoni kwa mtu, siku supamaketi wakiiskani ikatoka biskuti za mtu mwingine utaondolewa rafuni.

9. Wachina wamejaa Kariakoo, sisi tutapona?

Julai 2025 ilitoka amri inayozuia wasio raia kufanya biashara 15 za aina fulani, zikiwemo uwakala wa miamala ya simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, na kuuza bidhaa kwa jumla na rejareja ukiacha supamaketi. Kwahiyo ulinzi wa kisheria upo. Lakini ulinzi hauleti mteja. Aliyekuwa anauza bei ndogo alikuwa anauza hivyo kwasababu anatoa mzigo kiwandani moja kwa moja, na wewe unanunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu. Njia iliyobaki ni kuchangia kontena, watu watano sita wenye bidhaa zinazofanana, au kuuza kile kinachohitaji mtu baada ya mauzo: kufunga, kutengeneza, kubadilisha spea.

Na kama mgeni anakuomba utumie jina na leseni yako yeye aendeshe duka, jua amri hiyo inamgusa na raia anayemsaidia, kuna faini au jela.

## Karatasi na kodi

10. Nisajili jina la biashara au kampuni?

Kwa wengi jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) linatosha kuanzia, ni rahisi na kodi yake ni nyepesi (swali la 11). Ubaya wake ni kwamba wewe na biashara ni mtu mmoja, deni la biashara ni deni lako na nyumba yako. Kampuni inasimama peke yake, inaweza kupokea wabia na wanunuzi wakubwa wanaipenda, ila inataka hesabu za kihasibu kila mwaka, taarifa BRELA kila mwaka, na kodi asilimia 30 ya faida. Nenda kampuni pale mteja mkubwa, mbia au hatari ya biashara inapokulazimisha. Kuitwa mkurugenzi sio sababu.

TIN (namba ya mlipakodi) ni bure. Ukidaiwa hela ya TIN, unamlipa mtu aliyekaa nje ya ofisi na laptop.

11. Nikijiandikisha TRA si wataninyonya nifunge?

Tupige hesabu badala ya kuogopa. Mtu binafsi (kampuni hapana) mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka analipa kodi ya makadirio kwa mauzo. Kwa viwango vilivyowekwa 2022, mauzo hadi milioni 4 ni sifuri, na kuanzia juu ya milioni 11 hadi 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo. Tuseme unauza milioni 6 kwa mwezi, mwaka ni milioni 72, kodi ni milioni 2 na laki 5 na elfu 20, unalipa kwa awamu nne. Ni kama laki 2 na elfu 10 kwa mwezi.

Sasa je hiyo ni nyingi? Inategemea unauza nini. Mwenye mgahawa anayebakiza asilimia 25 haimsumbui. Mwenye duka la jumla la saruji na sukari anayebakiza asilimia 4, hiyo 3.5 inamla karibu faida yote, na huyu ndiye anayelia, ana haki ya kulia. Dawa yake ipo kwenye sheria, anaweza kuchagua kutoka kwenye makadirio akatozwa kwa faida halisi, lakini awe na vitabu vya mahesabu vinavyoeleweka. Bila vitabu huna pa kushika ukibisha.

Na mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, ukifika mauzo ya milioni 11 kwa mwaka unatakiwa uwe nayo. Ni gharama, ndiyo, lakini bila risiti ya EFD hoteli na makandarasi hawawezi kuingiza manunuzi yako kwenye hesabu zao, kwahiyo hawanunui. Biashara nyingi nimeona zimeruka daraja mwaka waliopata mashine, na kilichobadilika kilikuwa aina ya wateja.

12. Milioni 200 ikikaribia nipunguze mauzo nisiingie VAT?

Watu wanafanya, wengine wanafungua biashara ya pili kwa jina la mke. TRA wanaijua michezo hiyo, wanaunganisha. Tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kusajili VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka.

Kama wateja wako ni kampuni zilizosajiliwa VAT, haikuumizi, wao wanajirudishia ile asilimia 18 na wewe unajirudishia uliyolipa kwenye manunuzi. Kama wateja wako ni watu wa kawaida, jipange mwaka mzima kabla: hamishia manunuzi kwa wauzaji wanaotoa risiti za VAT, maana ukinunua mtaani bila risiti hutakuwa na cha kujirudishia. Na ukivuka milioni 100 tu, kodi ya makadirio ya swali la 11 haikuhusu tena, tafuta mhasibu mwenye CPA.

## Hela

13. Mauzo yapo kila siku ila hela siioni, hii si chuma ulete, ule uchawi wa kuvuta hela?

Kabla hujaenda kwa mtaalamu, kagua vitu hivi. Unajilipa mshahara? Kama hujilipi basi unachukua kidogokidogo, elfu tano ya vocha, elfu kumi ya mboga, ada ya mtoto, na jioni huoni kitu kwasababu umekula mtaji, sio faida. Jipangie kiasi, hata laki mbili, ukichukua iandike. Umetoa mali kauli kiasi gani? Daftari la madeni likiwa na milioni na nusu, hiyo ndio hela yako ipo mitaani kwa watu wanaokusalimia kila asubuhi. Na stoo je? Mzigo uliokaa miezi mitano ni hela iliyolala.

Tumia lipa namba tofauti na laini yako binafsi. Hilo moja tu linasafisha nusu ya mchanganyiko, na linakusaidia pia kwenye swali la 15.

14. Nimepata oda kubwa kuliko mtaji wangu, nikubali?

Hili ndilo swali linaloua biashara zinazokua, kwahiyo tutakaa hapa kidogo.

Chukua mfano wa hoteli inayotaka bidhaa za milioni 3 kila mwezi, mali ghafi na vibarua vinakugharimu milioni 2.2, na wao wanalipa baada ya siku 60. Faida inaonekana tamu, laki 8 kila mwezi. Lakini unapeleka mwisho wa Januari, unapeleka Februari, unapeleka Machi, na hela ya Januari ndio inaingia mwisho wa Machi. Mpaka hapo umetoa milioni 6.6 mfukoni na hujashika hata mia. Mwenye mtaji wa milioni 3 anakwama Februari, anashindwa kupeleka, hoteli inatafuta mwingine, na pengine hata malipo ya Januari yanaleta maneno. Faida ilikuwepo kwenye karatasi muda wote.

Kwahiyo ongea siku za malipo KABLA ya bei. Omba siku 14, omba malipo ya awali hata asilimia 30, au anza na nusu ya oda. Muombe anayekuuzia mali ghafi akupe mali kauli ya siku 30. Na kama una mkataba au oda iliyoandikwa, peleka benki, kadhaa zinakopesha kwa kuangalia oda au invoisi, hasa mnunuzi akiwa serikali au kampuni inayojulikana. Oda ya mdomo haikopesheki.

Ukiona yote hayo yamekataliwa, ikatae oda. Inauma lakini utakuwepo mwakani.

15. Mkopo wenye unafuu naupata wapi?

Mikopo ya halmashauri haina riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Ni ya vikundi, na tatizo la vikundi vingi ni kwamba vimeundwa wiki moja kabla ya kuomba, wakigawana hela kila mtu na njia yake.

Kwa kilimo na usindikaji wa mazao, mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga trilioni 1 kwa mabenki ili wakopeshe kwa riba isiyozidi asilimia 10, ndipo riba za kilimo za benki kadhaa zikashuka. PASS wanadhamini mkopo wa kilimo pale dhamana yako inapopungua. SIDO nao wana mfuko wao wa NEDF kwa kiasi kidogo.

SACCOS na vikoba usividharau, kwa mzigo wa miezi mitatu vinatosha. Ila mashine ya kulipwa miaka mitatu usiinunue kwa hela ya kikoba.

Benki inataka kuona mzunguko. Miezi sita ya miamala kwenye lipa namba au akaunti ya biashara ina nguvu kuliko maelezo mazuri na tai.

16. Mikopo ya kausha damu je, si inasaidia haraka?

Unachukua laki 5, unarejesha elfu 25 kila siku kwa siku 30, jumla laki 7 na nusu. Riba ni asilimia 50 kwa mwezi mmoja. Ukomo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili (wasiopokea amana) ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yani kwa laki 5 hiyohiyo ni elfu 17 na mia tano. Hakuna biashara ya genge inayozaa asilimia 50 kwa mwezi. Zile za kwenye simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zisizo na leseni, na wengi wanajua zinavyotuma meseji kwa mashemeji na wakwe.

## Kupanuka

17. Nifungue tawi la pili lini?

Pale tawi la kwanza linapoweza kukaa wiki mbili bila wewe na hesabu zikatimia. Sio pale lilipojaa wateja. Kuna mama anauza supu na chapati pazuri mno, watu wanapanga foleni, akafungua la pili, yule wa kwanza kumuachia funguo akawa mdogo wake, supu ikawa nyepesi kote kuwili. Kilichokuwa kinauza ni mkono wake, na mkono haujaandikwa popote. Andika vipimo, bei, muuzaji wa nyama, saa ya kufungua, vyote. Na wakati mwingine kuongeza saa za kazi au jiko la pili palepale kunaleta zaidi ya tawi.

18. Nikiajiri rasmi nabebeshwa nini?

Mkataba wa maandishi, NSSF asilimia 20 ya mshahara mkigawana, fidia kwa wafanyakazi WCF, na PAYE (kodi ya mshahara) kwa anayezidi 270,000 kwa mwezi. Ukifika wafanyakazi 10 inaingia na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), jipange mapema kabla hujamuajiri wa kumi. Ndugu unaweza kumuajiri, ila apewe mkataba kama wengine, na aliyemleta asiwe ndiye anayekagua hesabu zake.

19. Fremu nzuri wanataka kilemba, nitoe?

Kilemba, ile hela ya kuingilia kwenye fremu, ukishatoa hakirudi, na mara nyingi hakina karatasi. Ukiona lazima, basi mkataba wa pango uwe mrefu wa kukurudishia hicho kilemba kwenye faida, na usainiwe na mwenye jengo mwenyewe. Kingine kinachosahaulika, mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba akigoma ongezeni kwenye mkataba, maana anayedaiwa ni wewe.

## Yasiyo ya kila siku

20. Mtu anataka kuweka milioni 20 kwenye biashara yangu, nimpe asilimia ngapi?

Kwanza jueni kama ni mkopo au umiliki, hapo ndipo ugomvi wote unapozaliwa. Akitaka kurudishiwa kila mwezi, huo ni mkopo, usimpe hisa juu yake. Akitaka umiliki, biashara iwe kampuni (swali la 10) na muandike nani anaamua nini, nani analipwa mshahara, na mmoja akitaka kutoka thamani inapigwaje. Kama ni shemeji ndio uandike zaidi.

21. Biashara yetu inaweza kwenda soko la hisa?

Dar es Salaam kuna dirisha la wadogo tangu 2013, linaitwa EGM, Maendeleo Bank ndio ilianza. Masharti yake ni mepesi kuliko soko kuu, lakini bado linataka kampuni ya hisa za umma (sio ya serikali), hesabu zilizokaguliwa na mshauri aliyeteuliwa. Kwa biashara ya mauzo ya milioni 300 gharama hizo hazina maana.

22. Nipo Zanzibar, nasoma yapi?

Ya hela na kupanuka soma yote. Usajili nenda BPRA badala ya BRELA, ubora ni ZBS badala ya TBS, VAT ni asilimia 15 na inakusanywa na ZRA. Kodi ya mapato na forodha ni ya Muungano, kwahiyo TRA utakutana nao hukohuko. Ukileta mzigo Bara uliza kwanza tofauti ya VAT kabla hujapakia, usije ukaulizia bandarini Dar huku meli inashusha.